Zimwi Lililovaa Kanga ya Bibi

Siku familia yao ilipotengenezewa katuni, mjinga alikuwa Fumo mwenyewe. Kila familia ilitengenezewa filamu moja tu ya katuni, pamoja na mchezo wake wa video, na hakuna kilichobadilishwa baadaye. Mafundi walipomuuliza Fumo nani awe zimwi, akaropoka, "Mama yangu! Si mtani wa wajukuu?" Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Bibi alipofariki, Mwanasiti, binti yake Fumo, alikwama hatua ya mwisho ya mchezo. Zimwi lilisimama jikoni na kanga ya bibi, likimwita kwa sauti ileile: "Njoo, mke mwenzangu!"

"Lipige ufagio upite, mwanangu," Fumo alimbembeleza. "Mchezo tu huo."

Mwanasiti akamkabidhi rimoti. "Si mama yako? Mpige wewe."