Silinda Nane za Mzee Selemani

Kuluthumu alikuwa akipima viti vya gari la Mustang kwa upande mmoja wa khanga, akikadiria kuku wangapi wangeenea humo.

"Ijumaa ikifika halijapata mnunuzi," alimwambia mumewe, "kuku wangu wanahamia."

Mzee Selemani, muuza vitambaa wa Tabora, akalifuta gari vumbi. Gari hilo jekundu, toleo la mwaka sitini na tano, aliachiwa na Mmarekani mmoja mpima ardhi aliyerudi kwao. Tangu hapo halikuwahi kuvuka msikiti wa mtaani, maana lilikuwa chini mno na mchanga ulilikwaruza tumbo. Wanunuzi watatu alishawafukuza: mmoja aliuliza rangi, wa pili redio, wa tatu alidhani ni la mwaka sitini na sita. Gari lake lingeenda kwa mtu anayelijua, basi. Lakini kuku? Roho ilimuuma kwelikweli.

Alhamisi asubuhi akabisha hodi Masolwa, katibu wa kijiji kimoja cha Ujamaa upande wa Igunga, akiwa na vijana wanne na mkokoteni wa ng'ombe. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Hakutazama rangi wala viti.

"Ni ile ya silinda sita, au nane?"

Selemani nusura amkumbatie. Akamweleza kuwa mwaka ule waoga walichagua sita ili kubana petroli, na kwamba hata injini za silinda nane hazikulingana, hii yake ikiwa miongoni mwa zile kali. Masolwa akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama inaweza kunguruma mahali pamoja tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuchemka. Selemani akacheka, akaapa kuwa inaweza. Kumbe hata huko mashambani kuna watu wanaopenda mlio mzuri.

Wakapeana mikono mbele ya majirani. Selemani akatoa ufunguo huku machozi yakimlengalenga, akamgeukia mkewe na kumwambia kuwa mjuzi amepatikana, kuku wake watafute kwingine.

Masolwa akaurudisha ufunguo, akafunua boneti. Vijana wakatoa spana na kamba.

"Huo hatuuhitaji, mzee. Mashine yetu ya kusaga imekufa injini tangu mavuno, akina mama wanatwanga hadi viganja vinachubuka. Gari baki nalo."

Kuluthumu akafungua mlango wa Mustang, akaanza kuita kuku.