Ua la Nyama

Mgeni wa kwanza kufika alikuwa dada mmoja anayefanya kazi na mume wangu. Aliniomba anisaidie kupanga jibini na zeituni kwenye ubao wa kuandalia wageni, nami nikamsogezea sahani ya nyama kavu iliyokatwa nyembamba kama karatasi.

Alichukua glasi ndogo, akavilaza vipande ukingoni, nusu ndani, nusu nje, kimoja juu ya kingine. Kisha akaipindua taratibu juu ya ubao, akaiondoa. Ua la nyama likabaki limesimama kati ya zeituni na jibini.

Mume wangu amekuwa akilitengeneza hivyohivyo tangu mwezi uliopita. Aliniambia amelibuni mwenyewe.

"Nani kakufundisha, mdogo wangu?"

"Mama, shemeji. Kwetu hata mtoto analijua." Akafuta mafuta kwenye kidole gumba.

Nilijipa subira. Huenda dada huyu aliwaonyesha wote kwenye sherehe ya ofisini.

Mume wangu akaingia, akitutabasamia sote wawili.

"Afadhali umekuja," nikamwambia, nikimpa glasi. "Hebu tengeneza na wewe ua moja, mgeni aone."

Akaitazama glasi, akamtazama yule dada, halafu akatia mikono mfukoni.

"Ua gani tena, mke wangu? Mimi mambo ya jikoni nayajulia wapi?"