Paa la Jumamosi

Nyamusi alimwona afisa akipanda kilima kwa miguu, viatu vimejaa matope, akageuka kutazama paa la nyumba yake. Lilimeremeta juani mpaka likamuumiza macho.

Akina mama wa kanisa walikuwa wameliezeka Jumamosi, kwa huruma, maana tangu atoke kwenye nyumba za kampuni ya chai alikuwa akinyeshewa ndani. Leo Jumanne, afisa alikuja kuandika maskini watakaotibiwa bure. Jirani mwenye mabati mapya alikuwa ameachwa nje ya orodha, na dawa ya sukari ya Nyamusi ilikuwa imebaki ya siku nne.

"Habari ya leo, mama. Hii nyumba ni yako?"

"Ni ya kanisa," alisema. "Mimi nalala pale." Akaonyesha kibanda cha mbao nyuma ya mahindi.

Afisa alibonyeza simu yake. "Una mifugo?"

"Sina hata kuku." Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza.

"Basi twende nipige picha ya mahali unalala."

Afisa alitangulia. Nyamusi alimfuata amebana midomo, hakuthubutu hata kukohoa, kwa sababu kondoo aliyefungiwa mle ndani aliijua sauti yake, na saa ya kumpa maji ilikuwa imepita.

Afisa alishika komeo la kibanda, kisha akageuka.

"Mama, nimesahau kukuuliza. Jina lako kamili ni nani?"