Mkono Alioujua

Mama Pacha aliisukuma droo kwa kidole kimoja. Ikaenda yenyewe mpaka mwisho, ikafunga bila kutoa hata mlio. Akaivuta tena, akaichomoa kabisa, akapitisha kidole kwenye kona zake za ndani. Akauondoa mkono ghafla.

"Vipi, Daktari, umechomwa na kibanzi?" akauliza mwenyekiti wa majaji, msanifu majengo mstaafu ambaye utani haukumtoka mdomoni.

"Hapana. Naangalia tu."

Ukumbi wa chuo anachofundisha Mama Pacha ulikuwa umejaa kazi za wanafunzi wa sekondari waliokuja kushindania ubunifu wa mbao: taa za magome, baiskeli ya mti mtupu, saa ya ukutani yenye magurudumu ya mti. Mshindi angepata nafasi ya kusoma usanifu hapo hapo chuoni, bure mpaka amalize. Na kazi iliyowaacha majaji midomo wazi ni hii: sanduku la dawa la kubeba mgongoni, la muuguzi anayetembea nyumba kwa nyumba. Ukilifungua linasimama kwa miguu yake na kuwa meza yenye droo. Halina msumari wala bawaba ya chuma. Ni mti kwa mti.

Lakini kona zile! Meno ya mbao yameumana kama vidole vya mikono miwili, na kingo za ndani, ambazo hakuna atakayeziona, zimepigwa msasa zikawa laini kama shavu la mtoto. Mkono ule aliujua. Kitanda alicholalia kilikuwa na kona kama hizo. Kabati lake la nguo pia. Mji mzima ulikuwa na fundi mmoja tu wa kazi ya namna ile, na fundi huyo alikuwa mumewe.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Baba Pacha! Zamani alikuwa seremala wa kawaida tu, wa milango na stuli. Hii miaka ya karibuni ndipo jina lake lilipopaa. Mahoteli yakawa yanamgombea, na mikono yake, iliyokuwa na sugu kama kisigino, ikalainika kama ya karani. Mkewe alijivunia hilo mbele ya mashoga zake: mume wangu sasa ni bwana mkubwa. Kumbe bwana mkubwa anawafanyia watoto wa watu kazi za mashindano!

Mwenye sanduku alikuwa amesimama nyuma ya meza: msichana mwembamba, sare imepauka, vidole viwili vimefungwa plasta.

"Umelitengeneza mwenyewe?" Mama Pacha akamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kona hizi, umejifunza kwa nani?"

Msichana alifungua mdomo ajibu. Macho yake yakaangukia kitambulisho kifuani pa jaji, penye jina kamili la mama huyo na la ukoo wa mumewe. Akalisoma polepole. Akafumba mdomo.

"Kwa nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Karakana gani, basi?"

Machozi yakamlenga, akainama.

Majaji walipojifungia chumbani, Mama Pacha alisema bila kumtazama mtu usoni: "Lile sanduku si kazi ya mwanafunzi. Kuna fundi nyuma yake."

"Fundi gani?" mwenyekiti akauliza, na safari hii hakutania.

Kumtaja mumewe ilikuwa sawa na kumvua nguo sokoni, na yeye mwenyewe pamoja naye.

"Siwezi kumtaja. Lakini nina uhakika. Na mtoto mwenyewe mmemwona, ameulizwa kitu kidogo tu akakosa la kusema."

Walimwamini. Sanduku likaondolewa, saa ya ukutani ikashinda.

Msichana alipoambiwa, hakubisha. Aliikunja miguu ya sanduku lake, akalipachika mgongoni, akatoka peke yake huku ukumbi ukimpigia makofi mwenzake. Alipita karibu kabisa na Mama Pacha. Mama Pacha akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alijiona mdogo kama kidonge cha piriton: amemwadhibu mtoto na kumfichia mtu mzima, kwa sababu tu huyo mtu mzima analala naye kitanda kimoja.

Alimkuta mumewe sebuleni, miguu juu ya kochi, akitazama mpira.

"Baba Pacha, leo umeniaibisha."

"Nimefanya nini tena, mke wangu?"

Akamwaga yote, amesimama hapo hapo mlangoni, viatu miguuni: droo, kona, maswali, kimya cha yule mtoto. Alitarajia ubishi. Alitarajia hata ukali. Mumewe alishusha miguu, akazima televisheni.

"Msichana mwembamba hivi? Ana kovu kidevuni?"

"Basi unamjua!"

"Na... alinitaja?"

"Hakukutaja. Amekufichia siri mpaka mwisho, na mimi nikakufichia. Tumemtoa, nafasi ameikosa, ametoka analia. Sasa niambie wewe, ulimtengenezea lini lile sanduku?"

Baba Pacha alijifunika uso kwa viganja. Alipoongea, ilibidi mkewe asogee ndipo amsikie.

"Sijawahi kumtengenezea kitu, Mama Pacha. Miaka yote hii, yeye ndiye ananitengenezea mimi."