Ndimu ya Mzee Faki

Mthamini wa manispaa alikuja kutazama kasoro za nyumba, maana Bi Mwanakombo alikuwa ameandika barua kuomba kodi ya jengo ipunguzwe. Sasa Bi Mwanakombo aliona haya kuzitaja kasoro zenyewe. Mumewe, Mzee Faki, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa ameketi pale pale mkekani, akiwasikiliza.

"Ukuta huu una ufa, mama?" aliuliza mthamini, kalamu mkononi.

"Ufa gani, mwanangu? Hiyo njia ya sisimizi tu."

"Mama, nisipoandika kasoro, kodi haishuki."

Bi Mwanakombo akainyoosha khanga aliyoitundika asubuhi kuficha ufa mkubwa zaidi. Jua likapenya hata hivyo, likachora mstari wa dhahabu sakafuni.

Ndipo Mzee Faki alipoinuka. Akachukua ndimu kapuni, akachutama, akaiweka juu ya mstari ule taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Andika," alimwambia mthamini. "Mimi ndiye niliyekosea kupima."

Ndimu ikatulia kidogo, kisha ikaanza kubingirika yenyewe. Ikapita miguuni pa mthamini, ikapita chini ya pazia, ikaingia chumbani.

Bi Mwanakombo akamshika mumewe mkono. Wote watatu wakatega sikio, wakingoja igonge ukuta. Chumba kile kilikuwa cha hatua nne tu, lakini ndimu iliendelea kubingirika, sauti yake ikizidi kwenda mbali.