Mdomo wa Irimu

Rahab alifuta neno "hodari" akaandika "mwoga". Akaongeza: "Huyu Wacera wako hata kuku hawezi kufukuza." Akatuma kabla moyo haujamgeuka.

Jirani yake Kui, aliyekuwa amemletea mukimo wa viazi, alichungulia simu akashtuka.

"Mama Natalie! Si hii ndiyo story ulikuwa unasifu mpaka kanisani?"

"Ongea pole pole," Rahab alisema, akitazama pazia la chumba cha pili.

Nusu ya mji wa Gilgil iliifuata hadithi hiyo kwenye Facebook. Msichana Wacera, na mkuki wa nyanyake, aliwinda marimu, mazimwi ya ngano za Wakikuyu, ndani ya shimo la volkano la Menengai. Mwandishi alijiita Binti wa Bonde na hakuna aliyemjua. Alikuwa amemwacha Wacera pangoni, irimu akiwa mlangoni, kisha akanyamaza. Wasomaji hawakunyamaza. Wengine walisema hadithi ni moto wa kuotea mbali. Wengine, wanaume wengi wao, walisema mkuki si wa mwanamke. Mmoja alitaka Wacera aolewe kwanza. Watu hawakosi maoni, hata wakikosa unga.

Rahab hakuwa na nguvu ya kucheka. Aliitaka sehemu inayofuata kuliko alivyowahi kutaka kitu. Tangu ziwa lifurike mtaani Kihoto na maji yamchukue Muturi, mume wa binti yake Natalie, Natalie alikuwa amelala akitazama ukuta. Hakulia. Hakuoga. Uji wa asubuhi ulirudi na utando juu. Kilichosonga ni kidole tu, kwenye simu, akipitia maoni ya wasomaji. Daktari alisema apewe muda. Pasta alisema aombewe. Rahab alikuwa ametoa vyote viwili, na bado mtoto alikuwa anamponyoka huku akiona.

"Anapenda hizo hadithi?" Kui aliuliza.

"Ndizo zimebaki."

"Basi bembeleza mwandishi. Ukimtusi, ataandika aje?"

"Nimembembeleza, Kui. Nimemwita malkia. Nimemwambia watu wanalia wakimngoja. Hakuna kitu."

Machozi yalimjia, akayafuta kwa leso. Alikumbuka jikoni kwao Kabazi, akimsimulia Natalie ngano. Ukikosea kitu kimoja, hata kama usingizi ulishamchukua, mtoto aliinuka akurekebishe. Mkono wa Rahab ulitulia juu ya simu. Kisha akaandika upesi: "Halafu wewe mwandishi, hujui mila. Mdomo wa pili wa irimu uko tumboni. Uliza wazee."

Kui aliziba mdomo asicheke.

"Tumboni? Kila mtoto anajua uko kisogoni, chini ya nywele! Na ni wewe ulifunza watoto wangu."

"Najua."

"Watu watakurarua kwa comments."

"Si mimi. Ni Jeff wa Nakuru." Rahab alimwonyesha jina la bandia alilofungulia akaunti.

"Ghai, Mama Natalie! Mwandishi wa watu amekukosea nini?"

Rahab aliisoma tena comment yake. Alituma, akaiweka simu mezani kando ya ule uji, wakangoja. Majibu yakaanza kumiminika. Wasomaji walimtukana Jeff, ukoo wake na shule aliyosomea. Binti wa Bonde hakusema neno. Kui alichukua bakuli lake akaenda zake, akitikisa kichwa. Rahab alifumba macho. Alitaka kuomba, lakini maneno yalikuwa yamemwishia.

Nyuma ya pazia, kitanda kililia. Miguu ikagusa sakafu.

"Mum!" Sauti ya Natalie ilikuwa ikikwaruza kama ya mgonjwa wa koo. "Laptop yangu iko wapi? Kuna mjinga fulani anaitwa Jeff, anataka kunifunza irimu wangu."