Kidole Kilichonyamaza

Sindano ilipozama kwenye kidole gumba cha mguu, Nobert Mugenyi alisikia moto uliopanda mpaka kwenye magego. Akakodolea macho dari, akatabasamu kama bwana harusi.

"Unasikia chochote, mzee?" Daktari Semakula akauliza.

"Hata kidogo, daktari. Hii miguu iko kama ya mutu mwingine."

Mkewe Vasta, aliyesimama kichwani pa kitanda, akamfinya bega kumpongeza. Walikuwa wametoka Bwera kwa pikapu, Nobert amelazwa katikati ya mikungu ya matoke, na njia nzima mpaka Kasese Vasta alikuwa akimfunda.

"Ukitikisika tu, Baba Bright, tumekwisha. Umesahau vile viti vya magurudumu?"

Angesahauje? Wageni walipokuja Bwera kugawa viti, Nobert, ambaye uti wake wa mgongo ulivunjika alipoanguka kutoka juu ya paa, alijidai kuwachezeshea kidole cha mguu. Wakampigia makofi, wakasema huyu ana nafuu, kiti wakampa mlemavu mwenzake Gidioni, asiyeshtuka hata ukimmwagia uji wa moto. Tangu hapo Nobert alisukumwa kwa toroli la matofali, na majirani wakimuuliza Vasta mzigo huo anauza bei gani.

Sasa huyu Semakula, mtafiti wa mishipa ya fahamu, alitafuta watu wa kujaribia mtambo wake wa umeme wa kuwarudisha waliopooza kwenye miguu yao. Nafasi ilibaki moja. Asipoipata, ni toroli mpaka kaburini.

Sindano ikahamia kwenye unyayo, kisha goti. Jasho likamtiririka Nobert mpaka masikioni.

"Sisikii. Choma tu, daktari, usione haya."

Semakula akaweka sindano chini, akavua glavu.

"Pole sana, mzee. Mtambo wangu huamsha mishipa iliyolala. Iliyokufa siiwezi. Nilimtaka mtu anayesikia japo kidogo."

Mkono wa Vasta ukadondoka kutoka begani.

"Nasikia!" Nobert akapiga kelele. "Haki ya Mungu nasikia! Kidole, unyayo, goti, vyote vinawaka! Rudia uone!"

Daktari akamshika mkono kwa huruma ya kweli.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "tangu nianze kupima watu kule Katunguru mpaka hapa, kila niliyemwambia hivyo alianza kusikia palepale."